Mlango wa Marehemu

Kilichoibwa kilikuwa mlango. Si vitu vilivyokuwa nyuma ya mlango, bali mlango wenyewe, wa chuma, pamoja na bawaba zake na kitasa chake.

Inspekta Epuyo alisimama katikati ya ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Ufundi Edome, mjini Lodwar, akatazama ukuta ambako mlango huo ulikuwa umeegemezwa. Upande wa kulia kulikuwa na mashine mpya ya kuchomelea. Upande wa kushoto kulikuwa na kompyuta. Mwizi mwenye akili zake angetia kompyuta kwapani akaenda zake. Huyu alizipita zote, akajitwisha mzigo wa kuvunja mgongo.

"Kufuli?" aliuliza.

"Halikuvunjwa," alijibu mkuu wa chuo, Madam Bilha. "Tulilikuta limefungwa vizuri."

"Basi mwizi ana ufunguo, na tena ana adabu. Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu, na kwa Mwalimu Wandera. Jana nilimwazima pia Hilaire, mwalimu wetu wa tawi la Kakuma. Yeye ndiye aliyeleta huo mlango kwa maonyesho. Amerudi Kakuma asubuhi hii."

Nje, alama za magurudumu ya toroli zilitoka ukumbini, zikakata ua wa nyuma, kisha zikapotea mchangani. Upepo wa Lodwar ukishaamka haumwachii polisi kitu. Alama za vidole kwenye kufuli zilikuwa nyingi, moja juu ya nyingine, kama vile chuo kizima kilipita hapo kulisalimia.

"Madam, mlango ni mlango. Mbona una wasiwasi kiasi hiki?"

Bilha alishusha pumzi. "Wakaguzi wa wafadhili wetu wanakuja kesho. Huo ndio uliokuwa wa kuwaonyesha. Tawi la Kakuma linaishi kwa asilimia, Afande. Asilimia ya kufaulu ikishuka chini ya nusu, linafungwa."

"Asilimia ya nini kati ya nini?"

"Zamani tulihesabu waliofaulu kati ya waliofanya mtihani. Sasa tunahesabu waliopata cheti kati ya wote walioandikishwa siku ya kwanza."

"Na aliyeondoka katikati?"

"Amefeli."

"Hata akienda zake Kanada?"

"Hata akienda Kanada. Akienda mbinguni tu ndipo anapotolewa kwenye hesabu."

Epuyo alicheka kidogo. Bilha hakucheka, na Epuyo akaona kwamba mama huyu ameyasema maneno hayo kwenye mikutano mingi.

"Nani aliutengeneza mlango?"

Jibu lilitoka nyuma yake. "Darasa la Kakuma. Ilikuwa kazi ya pamoja."

Mwalimu Wandera alikuwa mkuu wa mitihani siku hizi, mwenye mvi na shati la mikono mirefu. Epuyo alimjua tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii na miwani ya kuchomelea ikikaa kwenye paji la uso. Alitoka Busia akiwa kijana, akisema anakuja Turkana kwa mwaka mmoja tu, na Turkana haikumwachia tena. Epuyo alikuwa mwanafunzi wake enzi za misheni, chuo kikiwa karakana moja ya mabati, na kengele yake rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mgunga.

Siku hizo mtihani ulikuwa Mwalimu mwenyewe. Ukimaliza mlango, aliutundika, akaupanda kwa miguu yote miwili, akabembea nao huku na huku kama mtoto. Ukishikilia, alishuka na kusema, "Umefaulu, nenda kale." Usiposhikilia, ulianguka naye. Mlango wa kwanza wa Epuyo ulianguka naye, na darasa zima lilicheka hadi uji ukapoa. Epuyo aliurudia mlango ule mpaka ukambeba Mwalimu. Hadi leo hakumbuki furaha nyingine iliyofanana na ile.

"Ejok, Epuyo," Wandera alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi, Mwalimu. Unasema kazi ya pamoja?"

"Ya pamoja. Ningekuwa wewe ningeanza na Hilaire." Alisema hivyo akitazama sakafu.

Epuyo aliandika, lakini kalamu ilisita. Mwalimu aliyemjua hakuwahi kupokea kazi ya pamoja. Mlango mmoja, mkono mmoja, ndivyo alivyokuwa akiwaimbia kila asubuhi. Tena kila mwanafunzi alitakiwa kuchomelea alama yake chini ya bawaba ya chini, mahali ambapo mteja hatazami kamwe. Epuyo alikuwa akiweka chapa ya ngamia wa baba yake. Lakini miaka hubadilisha watu, akajiambia. Hata yeye zamani alikuwa na kiuno.

Alipanda gari la polisi akaelekea Kakuma.

Barabara sasa ni lami. Enzi zile mtu alisafiri juu ya lori la mahindi siku nzima, akafika na vumbi hadi kwenye meno, na bado akaimba. Epuyo alijikuta akiitamani ile safari mbaya, akajicheka peke yake. Alikuwa hajaanza kazi, na tayari kesi hii ilikuwa inamrudisha nyuma.

Karakana ya tawi ilikuwa ukingoni mwa kambi ya wakimbizi, ikinuka chuma cha moto. Hilaire, Mkongomani mfupi mwenye kovu la cheche shavuni, alikuwa akinoa patasi.

"Uliondoka Lodwar lini?"

"Leo asubui, shefu. Na basi ya kwanza."

"Ulibeba nini?"

"Mufuko yangu na mukate."

"Na mlango?"

"Mulango gani?"

"Ule wa maonyesho. Umeibwa."

Hilaire aliweka patasi chini polepole. "Mulango ya Nyaboth?"

"Nyaboth ni nani? Nimeambiwa ni kazi ya pamoja."

"Ya pamoja? Shefu, uyo binti alitufukuza siye bote karibu na ile mulango. Hakuna mutu aliigusa." Aligeuka akaita nyuma ya karakana.

Aliyetokea alikuwa msichana mrefu, mwenye ovaroli iliyomfika chini kidogo ya magoti na nyundo mkononi. Alisikiliza habari ya wizi, kisha akauliza, "Nani anaiba mlango? Anaweka wapi?"

"Hilo ndilo linanisumbua hata mimi. Una uhakika ni kazi yako?"

"Chini ya hinji ya chini iko pembe mbili. Moja inaenda juu, moja inaenda chini. Ng'ombe ya baba yangu ilikuwa hivyo."

Epuyo alitabasamu. Desturi ile ilikuwa hai, imevuka mikono ya Mkongomani ikamfikia binti Mnueri wa Sudan Kusini. "Nani alikufundisha kuweka alama?"

"Mwalimu Hilaire. Yeye alifundishwa na Mwalimu Wandera."

"Cheti chako umepata?"

Nyaboth alitazama nyundo yake. "Wenzangu wamepata. Mimi naambiwa karatasi inakuja. Kalobeyei wanajenga shule, fundi mkuu ameona kazi yangu, amesema lete cheti kabla mwezi iishe. Mama yangu alikufa, Afande. Wadogo yangu wote wako na mimi. Hiyo karatasi ndio chakula yao."

Epuyo alitoka nje akapiga simu Lodwar.

"Madam, kuna mwanafunzi wako hapa anaitwa Nyaboth. Mbona hana cheti?"

"Afande, utani huo si mzuri. Nyaboth ni marehemu."

"Niko naye hapa. Ameshika nyundo."

"Haiwezekani. Nilituma rambirambi mimi mwenyewe. Mwalimu Wandera aliniletea ujumbe wa Hilaire, na ninaukumbuka neno kwa neno: 'Nyaboth alitutoka.'"

Epuyo alirudi ndani. "Hilaire, uliandika nini Nyaboth alipoondoka?"

"Niliandika vile: Nyaboth alitutoka. Mama yake alikuwa mugonjwa, akaenda kwabo, Bentiu. Si alitoka?"

Epuyo alipangusa uso wake kwa kiganja. Lodwar ukisikia mtu ametutoka, unaanza kutafuta hema na sufuria za matanga. Kwa Hilaire, mtu aliyetutoka ni mtu aliyefunga mizigo akaaga.

"Na rambirambi zilipofika?"

"Tulizisoma apa, mbele ya banafunzi bote. Nilijua ni ya mama yake. Nyaboth aliporudi nikamuonyesha. Alilia, akasema batu ya Lodwar bako na roho muzuri."

Epuyo aliinua simu tena. "Madam, ni nani wengine waliofariki katika tawi hili?"

"Ulikuwa mwaka mbaya. Lueth. Apajok. Ajak. Tulisimama dakika moja ya kimya kwa kila mmoja."

Epuyo aliyataja majina kwa sauti. Hilaire akatoa simu yake, akamwonyesha picha. Lueth alikuwa kwenye theluji huko Kanada, amevaa koti kubwa kuliko yeye, anacheka. Apajok alikuwa amefungua karakana yake Bor. Ajak alikuwa amerudi kuchunga ng'ombe wa mjomba wake, na picha ilionyesha kwamba amenenepa. Marehemu wa Kakuma walikuwa na afya kuliko polisi wa Lodwar.

"Habari za hawa zilipitia kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Wandera. Zote."

"Nyaboth aliporudi, ulimwambia?"

"Nilimupigia simu siku ile ile. Alinyamaza sana, nikazani neti imepotea. Kisha akasema, mwache afanye kazi."

Njiani kurudi, Epuyo aliunganisha aliyoyasikia. Mambo yalikuwa yamepangika kichwani mwake, na angetoa mshahara wake wa mwezi ili yasipangike. Wakaguzi wangesimama mbele ya mlango ule na kuuliza jina la fundi. Hilaire, wakimpigia simu, angelitaja katika ukweli wake. Kwa hiyo mlango ulilazimika kutoweka kabla ya swali. Alichokosa ni kielelezo, yaani mlango wenyewe. Mzee wa umri ule angeuficha wapi mzigo ule?

Jua lilikuwa linashuka alipofika nyumba ya Mwalimu, ng'ambo ya ua wa chuo.

Aliijua nyumba ile vizuri. Mlango wake ulikuwa maarufu Lodwar nzima kwa kulia. Ukifunguliwa, ulipiga kelele ya punda, na wanafunzi wa enzi zile walipoisikia walidaka haraka tupa zao za kusugulia chuma, wakijua Mwalimu anakuja. Walimtania kwamba fundi wa milango ya Turkana yote ameshindwa na wake. Aliyekataa usitiwe mafuta ni mkewe. "Ndio unaoniambia umerudi," alikuwa akisema. Mama yule alifariki miaka mingi iliyopita, na Mwalimu hakuutia mafuta hata baada ya hapo.

Epuyo alibisha.

Mlango ukafunguka. Haukulia.

Mwalimu Wandera alisimama hapo na kikombe mkononi. "Karibu, Epuyo. Chai iko motoni."

Epuyo hakuingia. Alinusa rangi mbichi, rangi ya kijivu iliyopakwa kwa haraka. Alisukuma mlango kwa kidole kimoja, ukaenda ukarudi kimya kabisa. Kisha akapiga magoti, kwa taabu, akapapasa chini ya bawaba ya chini. Vidole vyake vilikuta pembe mbili, moja ikielekea juu, nyingine chini.

Alibaki pale chini kwa muda, kwa sababu akiinuka itabidi awe polisi.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "huna haja ya kunijibu. Ukinijibu, nitaandika, na yatasomwa mahakamani."

"Andika. Kaa lakini, usiandike umesimama kama askari wa trafiki."

Walikaa. Chai ilimiminwa, haikunywewa.

"Uliuchukua wewe?"

"Jana, giza lilipoingia. Kwa toroli ya mitungi ya gesi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Umetoka Kakuma."

"Nataka nisikie kwako."

Mzee alizungusha kikombe. "Kwa Nyaboth sikudanganya mwanzoni. Nilisoma ametutoka, nikalia kweli. Kisha tukapiga hesabu. Kakuma ilikuwa imeanguka chini ya nusu, ilikuwa inafungwa. Tukamtoa yule mmoja aliyekufa, na ikapanda juu ya mstari. Mmoja tu, Epuyo. Kifo kimoja kikaokoa karakana nzima."

"Na Lueth?"

"Hilaire alipoandika Lueth ametutoka, nilimpigia simu kumpa pole. Akaniambia ameenda Kanada. Hapo ndipo nilipojua neno lake lina maana gani." Aliweka kikombe chini. "Nilijua, na nikaandika marehemu. Yule kijana amepata maisha, na hesabu yao inasema amefeli na chuo kimefeli. Nikaona heri afe."

"Kisha wengine."

"Kisha wengine."

"Na Nyaboth akarudi."

"Akarudi. Ningemfufua yeye, wangeuliza kuhusu wote. Nikasema nitatafuta njia. Kila mwezi nikasema nitatafuta njia. Jana Hilaire akashusha mlango kwenye gari, na ndio kazi bora kuliko zote nilizoziona tangu nije huku."

"Kwa nini hukuukata vipande?"

"Nilishika grenda. Lakini nikautundika kwanza, nikaupanda." Macho ya mzee yaling'aa kidogo, na kwa nukta moja akawa yule yule wa miwani kwenye paji. "Kwa umri huu. Nikabembea. Haukutoa hata sauti. Utakataje mlango kama huo?"

Epuyo alimpenda mzee huyu. Alimpenda tangu mlango ule wa kwanza ulipomwangusha, na kwa sababu hiyo alisema alichosema.

"Mlango ulikushinda kuukata, Mwalimu. Mwenye mlango ulimkata."

Wandera alivaa viatu, akazima moto wa chai, akanyoosha mikono. Epuyo hakumtia pingu. Walitembea pamoja hadi kwenye gari, na majirani waliowaona walidhani mwanafunzi amekuja kumchukua mwalimu wake wakale.

Asubuhi yake Nyaboth alifika kituo cha polisi Lodwar kutambua kielelezo na kutoa maelezo. Madam Bilha alikuwepo, amevaa nguo aliyokuwa ameishonesha kwa ajili ya kuwapokea wakaguzi. Wandera aliketi kwenye benchi, katikati ya konstebo na ukuta.

Alipomwona msichana alisimama. "Nyaboth, binti yangu. Nimekukosea."

Nyaboth alimtazama usoni. Inspekta alitarajia kilio, au matusi, na angeyaruhusu yote mawili.

"Nilikufa na nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Wewe uliandika nimekufa. Nilikufa na nini?"

Mzee alilamba midomo. "Walitaka sababu. Sikuuliza mtu. Niliandika homa."

"Mama yangu alikufa na homa," Nyaboth alisema taratibu. "Nilimshika hivi. Nilichimba na hii mikono. Mwalimu, wewe umechukua kifo ya mama yangu, umepatia mimi."

Hakuinua sauti. Wandera aliketi, akafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Epuyo alitazama dirishani, kwa kuwa macho yake nayo yalikuwa yameanza kumsaliti.

Aliyefuata kusema ni Bilha. "Nimewaambia wakaguzi wote, kabla hawajauliza. Wamehesabu upya."

"Na?"

"Kakuma imeanguka." Ilikuwa imeanguka vibaya, kama mlango wa kwanza wa Epuyo. "Tawi watalijadili Nairobi. Nimewauliza Lueth wanamweka wapi, maana huko Kanada anachomelea mabomba na bosi wake anamsifu. Hawakuwa na pa kumweka." Alifungua mkoba, akatoa bahasha. "Hii imepigwa muhuri leo. Inasema umefaulu, Nyaboth, na kwamba cheti kinachapishwa. Mpelekee fundi wa Kalobeyei. Akikataa, anipigie mimi."

Nyaboth alisoma karatasi yote, akairudia, akaikunja na kuitia kifuani. Kisha akaenda kona ya chumba ulipoegemezwa mlango wake, akakwangua rangi ya kijivu kwa ukucha na kukunja uso.

"Nani amepaka hii takataka?"

Wandera, katikati ya machozi, aliinua mkono.

"Mlango ni yangu," Nyaboth alimwambia Epuyo. "Naenda nayo."

"Ni kielelezo. Hadi kesi iishe."

"Kesi ni muda gani?"

"Muda mrefu, sitakudanganya."

"Sawa. Nitangoja," alisema Nyaboth. "Marehemu ndio hawezi kungoja."

Akatia sahihi maelezo yake, jina lote, la baba na la babu, akibonyeza kalamu hadi karatasi karibu itoboke.

Jioni hiyo Epuyo alirudi peke yake kwenye nyumba ya Mwalimu. Ilikuwa wazi, upepo ukiingiza mchanga hadi kwenye kikombe cha chai. Mlango wa zamani ulikuwa umelazwa nyuma, juu ya mawe. Alivua koti la kazi, akauinua kwa goti na bega kama alivyofundishwa, akautia kwenye bawaba zake. Mikono ilikuwa haijasahau. Jikoni kulikuwa na kopo la mafuta, akaliona, akaliacha lilipo.

Aliufunga taratibu. Ulilia kwa sauti ile ile ya punda, ua mzima ukasikia, na Epuyo, mtu mzima mwenye cheo, akajikuta amenyoosha mkono kudaka tupa.